Watumiaji Wanaotuomba Samahani kwa Makosa Yetu

Neno linaloniumiza zaidi kwenye maoni ya watumiaji wetu si tusi wala lalamiko. Ni "samahani". "Samahani, wiki ya tatu imenishinda." "Samahani, nimefuata kila kitu lakini mwili wangu ni mbishi." "Samahani, nadhani sina nidhamu." Mtu amelipia huduma ya kupangiwa chakula na mazoezi mtandaoni, huduma haijampa alichofuata, halafu yeye ndiye anayeomba radhi.

Mimi ni mtaalamu wa lishe. Niliitwa kwenye huduma hii ikiwa bado changa, nipitie hesabu za chakula na kusoma yale watu wanayotuandikia. Kila nilipoifuatilia samahani moja hadi mwanzo wake, mara nyingi nilikuta kosa liko upande wetu. Nitaeleza moja kwa kirefu, kwa sababu liko kwenye huduma nyingi za aina hii, si yetu peke yake.

Chukua mwanamke wa miaka 38, uzito kilo 78, urefu sentimita 162. Hesabu inaanza na kanuni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990. Kwa mwanamke unazidisha kilo kwa 10, unajumlisha sentimita mara 6.25, unatoa umri mara 5, kisha unatoa 161. Huyu anapata takriban kalori 1,440 kwa siku. Hizo ndizo mwili wake unazotumia akiwa amepumzika tu: moyo unadunda, ini na figo vinafanya kazi, joto linatunzwa. Hadi hapo sina ugomvi mkubwa, ingawa kanuni hiyo ni wastani wa watu wengi, na wapo inaowakosea kwa zaidi ya asilimia 10.

Tatizo liko kwenye swali linalofuata. Dodoso linamuuliza: shughuli zako za kila siku ni kidogo sana, kidogo, za wastani, au nyingi? Anaifikiria siku yake. Ameamka alfajiri, amehangaika na watoto, ameketi kazini hadi jioni, amerudi akapika. Amechoka kweli. Anabonyeza "za wastani". Mtu aliyechoka hivyo atajiitaje mtu wa shughuli kidogo sana? Basi programu inazidisha 1,440 kwa 1.55, kizidisho cha shughuli za wastani, inapata kama 2,230, inakata 500 ili apungue, inampangia kalori 1,730 kwa siku. Lakini uchovu si kipimo cha nguvu ambayo mwili umetumia. Kwa mtu anayeketi sehemu kubwa ya siku, kizidisho kinachomfaa ni 1.2. Na 1,440 mara 1.2 ni kama 1,730.

Zitazame tena namba hizo mbili. Tumempangia ale kiasi kilekile anachotumia. Atapima kila kijiko, atakataa vitafunio kwenye sherehe, na mizani haitasogea kwa sababu hatukuipa sababu ya kusogea. Wiki ya nne atatuandikia samahani.

Nilipoiweka hesabu hii mbele ya wenzangu, mmoja alinikumbusha utafiti maarufu wa mwaka 1992, na alikuwa na haki ya kuuleta. Watu 10 walidai wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Watafiti walipima nguvu waliyotumia kwa kuwanywesha maji yenye atomu nzito za haidrojeni na oksijeni, njia ambayo haitegemei maneno ya mtu. Miili yao ilikuwa inachoma chakula kama kawaida. Walichokuwa wakila ni zaidi ya walichoripoti: chakula walichoripoti kilikuwa pungufu ya kile halisi kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi waliyoripoti yalizidi yale halisi kwa asilimia 51.

Utafiti huo naukubali. Nisichokubali ni kuutumia kama fimbo. Unachosema ni kwamba binadamu hawezi kukadiria kwa jicho chakula chake wala harakati zake, na hilo linatuhusu sisi wapangaji zaidi kuliko yeye, maana sisi ndio tuliojenga mpango mzima juu ya makadirio yake. Ukijua rula imepinda, hulaumu mbao.

Kwa hiyo tulibadilisha. Jibu la dodoso sasa ni la kuanzia tu. Tunaomba vipimo vya uzito vya asubuhi kwa wiki mbili hadi tatu, tunachukua wastani wa kila wiki, kisha tunapanga upya kwa kufuata mwili wenyewe ulivyojibu. Kama wastani haujashuka kabisa, programu inasema wazi: makadirio yetu ya mwanzo yalikuwa juu, tunayashusha. Sentensi hiyo niliipigania. Kulikuwa na pendekezo la kumwandikia mtu "ongeza bidii", nami nilikataa katakata.

Sifa nazo zina mitego yake. Nyota tano nyingi zinatoka wiki ya kwanza: "Kilo mbili ndani ya siku saba, mpango huu ni kiboko!" Ninafurahi nao, lakini najua kilichotoka. Mwili hutunza wanga kwenye misuli na ini kwa umbo la glaikojeni, kwa kawaida gramu 400 hadi 500, na kila gramu hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza chakula ghafla, hasa wanga, akiba hiyo inapungua na maji yake yanatoka. Ukijumlisha na chumvi iliyopungua mwilini na utumbo wenye chakula kidogo, unafika kilo mbili bila shida. Mafuta yaliyotoka humo ni sehemu ndogo. Tusipomwambia hilo mapema, wiki ya tatu akipungua nusu kilo, ambayo ni mwendo mzuri sana, anaona ameharibu mahali. Na mwanamke anaweza kubeba maji ya ziada siku za kabla ya hedhi, hivyo mizani ikapanda wakati mafuta yanashuka.

Hapo mchoro wetu ulichangia kuwadanganya watu. Ulikuwa mstari mnyoofu unaoteremka kutoka uzito wa leo hadi uzito wa ndoto, umejengwa juu ya hesabu ya daktari Max Wishnofsky ya mwaka 1958: kalori 7,700 hivi ni sawa na kilo moja. Hesabu hiyo inafaa kwa siku chache. Kwa miezi inapotosha, kwa sababu mwili mwepesi unahitaji nguvu pungufu kuuendesha, kwa hiyo pengo la kalori 500 la mwezi wa kwanza linazidi kupungua mwezi baada ya mwezi hata kama sahani haijabadilika. Mwaka 2011 mtafiti Kevin Hall na wenzake walionyesha kuwa ukibadilisha kiasi cha chakula na kukidumisha, karibu nusu ya mabadiliko ya uzito hupatikana ndani ya mwaka mmoja, na karibu yote ndani ya miaka mitatu. Huo ni mkunjo, si mstari. Tulipouchora mkunjo, baadhi ya watu walilalamika kwamba unavunja moyo. Nimewajibu mmoja mmoja. Afadhali mtu aujue mwendo halisi tangu mwanzo kuliko ajione mvivu mwezi wa tatu.

Upande wa mazoezi namwachia zaidi mwenzangu ambaye ni mwalimu wa mazoezi, ila samahani moja ilitushika sote. Mtumiaji wa makamo aliandika kwamba hata akitembea kwa kasi hadi ashindwe kuongea, mapigo ya moyo hayafiki namba tuliyomwekea. Namba hiyo tuliitoa kwenye ile kanuni ya 220 kutoa umri, inayokadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, iliyoenea tangu mwaka 1971. Watu wenye umri mmoja hutofautiana kwa mapigo 10 hata zaidi, juu au chini. Zaidi ya hapo, alikuwa anatumia dawa ya shinikizo la damu ya kundi linalopunguza kasi ya moyo. Asingefika kamwe, na alikuwa anajisukuma kwa nguvu kuifikia. Hilo lilinitisha. Sasa anayetumia dawa hizo haoni lengo la mapigo kabisa. Anaambiwa atembee kwa kasi inayomruhusu kuongea lakini si kuimba, na azungumze na daktari wake kabla ya kuongeza ukali.

Tukio hilo ndilo lililotufanya tutenganishe maoni na dharura. Kizunguzungu kwa mtu anayetumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho kutoa insulini, na ambaye tumempunguzia wanga, kinaweza kuwa sukari imeshuka. Mkojo mweusi kama chai baada ya mazoezi makali unahitaji hospitali siku hiyohiyo. Ujumbe wa namna hii haupaswi kukaa foleni moja na ombi la kubadilisha rangi ya kitufe, nasi kwa wiki za mwanzo tuliuweka foleni moja. Sasa binadamu anausoma mara unapoingia. Vivyo hivyo mtu anayeandika kwamba anajitapisha, au anayeomba mpango wa kalori chache kuliko tunazoruhusu: huyo hapewi mpango mwingine, anaelekezwa kwa mtaalamu wa kumwona ana kwa ana.

Nikirudi kwenye sifa, wapo wanaoandika kwamba aina yetu ya mlo ndiyo bora kuliko zote. Siwezi kuwaunga mkono. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuata watu wazima 609 kwa miezi 12, nusu wakila mafuta kidogo na nusu wanga kidogo. Wastani wa kupungua ulikuwa kilo 5.3 upande mmoja na 6.0 upande wa pili, tofauti ndogo ambayo kitakwimu inaweza kuwa ya bahati tu. Lakini ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua kilo nyingi sana na walioongezeka. Jirani yako akipungua kwa mpango fulani, umejua habari za jirani yako. Ndiyo maana swali la "je, mpango ni mzuri?" nimeanza kuliona halina faida kwenye fomu ya maoni.

Halafu kuna wasioandika chochote. Wanaacha kufungua programu siku ya kumi au ya ishirini, na fomu ya mwisho wa mwezi haiwakuti. Mtafiti Gunther Eysenbach aliliandika hilo mwaka 2005: huduma za afya za mtandaoni hupoteza watu wengi njiani, na kuondoka kwao kunapaswa kuchunguzwa kama matokeo, badala ya kufutwa kwenye hesabu. Ukiwasikiliza waliobaki tu, unasikiliza wale ambao mpango uliwakuta na muda, jiko na usingizi wa kutosha.

Tumeanza kuwatafuta. Tunatuma ujumbe mfupi mmoja, wala hatumbembelezi mtu arudi. Zamani fomu iliuliza, "Umefuata mpango kwa kiasi gani?" Swali hilo lenyewe lilikuwa linazaa samahani. Sasa tunauliza, "Ni kipi kwenye mpango kilikosa nafasi kwenye siku yako?" Majibu yamebadilika kabisa. Wiki iliyopita mfanyakazi wa zamu ya usiku alituandikia kwamba kikumbusho cha kifungua kinywa kilikuwa kinamwamsha kila siku, nusu saa baada ya kulala. Aliizima programu ili apate usingizi. Kwenye ujumbe wake wote hakuomba radhi hata mara moja. Alituuliza tu kama tunaweza kuuruhusu mpango uanze saa anayoamka yeye. Mtengeneza programu wetu anaifanyia kazi sasa hivi.