Bunge likikataa mkataba na jirani, je, umekufa?

Tarehe 7 Aprili 2009, jijini Nairobi, waziri wa Kenya na waziri wa Somalia walitia saini hati fupi ya maelewano kuhusu bahari inayopakana na nchi zao. Agosti mwaka huohuo Bunge la mpito la Somalia likaikataa. Ukiuliza barazani hati ile iliishia wapi, wengi watakujibu kwamba Bunge liliiua. Haikufa, na kisa chake kinafaa kujulikana na kila anayetaka wabunge wake wasimamie mikataba ya mipakani.

"Bunge likikataa, mkataba umekufa"

Mwaka 2014 Somalia iliishtaki Kenya kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, ikitaka mpaka wa baharini uchorwe. Kenya ikajibu kwamba hati ya 2009 ilikwisha kuweka njia nyingine ya kumaliza mgogoro, hivyo Mahakama haina kazi hapo. Somalia nayo ikasema hati si halali: katiba yake ya mpito ilitaka mkataba wa namna hiyo uridhiwe na Bunge, na Bunge lilikuwa limekataa.

Hukumu ya awali ilitoka Februari 2, 2017. Mahakama ilisema hati ile ni mkataba halali unaoifunga Somalia. Aliyeisaini alikuwa na idhini ya maandishi ya waziri mkuu wake, na hati yenyewe ilisema itaanza kutumika siku ya kutiwa saini. Nchi haiwezi kujitoa kwenye mkataba kwa kuonyesha sheria yake ya ndani, isipokuwa kama sheria hiyo ni ya msingi mno na ukiukwaji wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Kenya haikuwa na sababu ya kujua kwamba saini ile haikutosha.

Mwishowe Somalia haikuumia, maana Mahakama ilisoma maneno ya hati na kuona hayakuizuia kusikiliza kesi. Mpaka ukachorwa Oktoba 12, 2021, kwa mstari ambao Kenya iliukataa. Lakini kura ya wabunge wa Mogadishu haikuwa imebadilisha chochote kuhusu uhalali wa hati. Ilipigwa miezi minne baada ya saini, na katika mambo haya miezi minne ni mingi.

"Hati ya maelewano ni karatasi tu"

Jina halisemi kitu. Mkataba unaweza kuitwa itifaki, makubaliano, hati ya maelewano, au ukawa barua mbili tu. Mpaka wa baharini kati ya Kenya na Tanzania, kuanzia upande wa Vanga na mkondo wa Pemba, uliwekwa kwa kubadilishana barua kati ya Desemba 1975 na Julai 1976. Wavuvi wa pande zote mbili wanaishi na mstari uliotoka kwenye barua hizo. Kwa hiyo mbunge anayeletewa hati, au anayesikia tu kwamba imesainiwa, asihangaike na kichwa chake. Afungue kifungu kinachosema itaanza kutumika lini. Kikisema siku ya saini, jambo limekwisha kupita mlangoni pake.

"Kiongozi akisaini, basi, imepita"

Hapa wenye hofu nao huzidisha. Mikataba mingi mikubwa husema yenyewe kwamba itaanza kutumika baada ya kuridhiwa, na saini huwa ni hatua ya kwanza tu. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha Novemba 30, 1999, ukaanza kutumika Julai 7, 2000, baada ya nchi tatu kuuridhia.

Nani anaridhia? Inategemea uko upande gani wa mpaka. Katiba ya Tanzania, ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Maneno "kwa masharti yake" ni ya kuyaangalia kwa makini, maana wanaoandika mkataba ndio wanaoamua kama utahitaji kuridhiwa. Kenya ina sheria ya 2012 ya kufanya na kuridhia mikataba: Baraza la Mawaziri, kisha Bunge la Taifa, na wananchi watoe maoni. Sheria hiyo inagusa mikataba ya nchi mbili kuhusu usalama, mipaka, haki za raia na maliasili, lakini inaiacha nje ile ya mambo ya kiufundi na ya kiutawala. Uganda mikataba mingi huridhiwa na Baraza la Mawaziri, kisha Bunge huarifiwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekwenda mbali zaidi: katiba yake inasema ardhi haitolewi wala kubadilishwa bila kura ya maoni ya wananchi wenyewe.

"Wabunge watavirekebisha vifungu vibaya"

Hawawezi. Maandishi yamekubaliwa na nchi nyingine, na Bunge moja haliwezi kuyaandika upya. Hubaki kukubali, kukataa, au kuweka angalizo, yaani kusema kifungu fulani hakitaifunga nchi, pale mkataba unaporuhusu. Ndiyo maana ninaheshimu sana kilichotokea Dodoma Novemba 2016. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imejadiliana na Umoja wa Ulaya mkataba wa ubia wa kiuchumi, Kenya na Rwanda zikasaini Septemba, na Tanzania ikajizuia. Wabunge wakaujadili kabla ya saini na kuishauri Serikali isisaini. Mtu anaweza kupinga uamuzi wenyewe, na wafanyabiashara wa Kenya walikuwa na sababu zao za haki. Lakini wakati wa kusema ulikuwa ule.

"Si tuna Bunge la Afrika Mashariki?"

Lile la Arusha hutunga sheria za Jumuiya. Itifaki huridhiwa na kila nchi kwa utaratibu wake.

"Ukisharidhiwa, umekuwa sheria"

Kenya ndivyo: ibara ya 2(6) ya katiba ya 2010 inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi. Tanzania azimio la Bunge halitoshi. Lazima itungwe sheria inayouingiza mkataba nchini. Mfanyabiashara wa Mombasa na mwenzake wa Tanga wanaweza kushika Itifaki ileile ya Soko la Pamoja la Jumuiya, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, wakaenda nayo mahakamani siku moja: wa Mombasa ataanza na itifaki yenyewe, na wa Tanga ataulizwa kwanza ni sheria gani ya Bunge inayoitaja.