Daftari la michango si kipimo cha moyo

Juzi tena. Mama katoka Nanyamba kuja kliniki kwangu hapa Mtwara, mtoto mgonjwa wa moyo mgongoni, mkononi daftari la kaunta: nani katoa, nani kaahidi, nani "korosho zikilipwa". Nikamuuliza majibu ya eko, kile kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, yako wapi. Hana. Miezi mitano wanachangisha "pesa za India", na mtoto hajapimwa chochote zaidi ya kuwekewa kifaa cha kusikilizia kifuani.

Dhana hii imenichosha kuliko zote: moyo wa mtoto hutibiwa India tu, India ni pesa, basi pesa kwanza. Hapana, eko kwanza. Bila eko hujui hata unachangia nini. Tundu dogo kati ya vyumba vya chini vya moyo mara nyingi hujiziba mtoto akikua. Ule mshipa unaotakiwa kujifunga baada ya kuzaliwa, ukibaki wazi, mara nyingi huzibwa kwa kupitisha mrija mwembamba pajani, kifua hakiguswi. Na wanaohitaji kupasuliwa, wengi wao hawahitaji ndege. Muhimbili walianza upasuaji wa moyo 2008, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikafunguliwa 2015, na mabingwa wa nje huja hapohapo Dar es Salaam kufanya kazi na wa kwetu. Kutoka Mtwara ni basi la siku moja.

Kinachoniuma ni muda. Tundu kubwa husukuma damu nyingi mno mapafuni. Mishipa ya huko inakakamaa, shinikizo linapanda, mpaka siku inafika ambapo kuliziba tundu ni hatari kuliko kuliacha. Hapo hata ukija na mamilioni, daktari wa Dar na wa India watakupa jibu moja. Mtoto aliyekuwa wa kupona kwa operesheni moja anageuka wa dawa maisha yake yote, huku watu bado wanajaza daftari.

"Lakini anacheza na wenzake." Mtazame anavyocheza. Akikimbia kidogo kisha akachuchumaa, midomo ikawa ya bluu, hapumziki tu huyo, anatafuta hewa. Kichanga anayelowa jasho kila akinyonya na kilo haziongezeki, naye usisubiri. Njoo na kadi yake ya kliniki, mchoro wa uzito unaniambia mengi kuliko maelezo ya shangazi watatu.

"Mfadhili atalipa kila kitu." Wapo kweli wanaogharamia. Save a Child's Heart, shirika lililoanzishwa Israel 1995, limetibu watoto wa Kitanzania na kufundisha madaktari wetu. Ila madaktari huchagua kwa majibu ya vipimo, si kwa wingi wa machozi. Na hata matibabu yakilipwa, kuna nauli, kula na kulala kwa mzazi, na wadogo zake mgonjwa waliobaki nyumbani. Mchango wa mtaa ulenge hapo. Gharama za hospitali kaonane kwanza na ustawi wa jamii, wapo kwa kazi hiyo.

"Picha ikirushwa kwenye magrupu, pesa zinakuja haraka." Zinakuja, na matapeli wanaichukua hiyohiyo wakaweka namba yao. Mtoto kifua wazi, jina kamili, shule anayosoma! Mvalisheni shati, jamani.

"Akishapasuliwa, kwisha." Kliniki inaendelea miaka. Na meno! Wenzangu wananicheka kwa sababu namfungua mtoto kinywa kabla sijamuuliza jina, lakini vijidudu vya jino bovu huingia kwenye damu na kujenga makazi ndani ya moyo. Mswaki asubuhi na usiku, kabla na baada ya operesheni.

Yule mama nilimwandikia rufaa palepale. Tukapiga hesabu ya zilizokwisha kutolewa, ahadi tukaziacha: nauli ya kwenda na kurudi ipo, na ya kukaa Dar wiki tatu kwa ndugu yake Mbagala. Anapanda basi Jumatatu.