Asilimia 7.5 si kidogo

Barazani hapa Lamu utasikia: mkopo wa simu ni rahisi, ada asilimia 7.5 tu, benki ndizo ghali. Sivyo. Ada hiyo, ambayo M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ilianza nayo 2012, ni ya siku 30. Riba ya benki hutajwa kwa mwaka. Mvuvi akikopa shilingi 2,000 wakati wa kusi, msimu wa upepo mkali, mashua imefungwa, mwezi ukiisha anadaiwa 2,150. Akilipa na kukopa tena papo hapo, kila mwezi, mwaka mzima ada itafika shilingi 1,800. Yaani asilimia 90! Simlaumu, tumbo halijui kusi. Ila msimu wa kaskazi, samaki wakiwa tele, 50 kwa siku kwenye kibubu, siku 40 tu, ndiyo 2,000 ile ile.