Kumwachia mwanachuo aamue: yanayosemwa Kigoma na ukweli wake

Vyuo vinapofungua, vijana hupanda treni Kigoma kwenda Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Wazazi wa Ujiji na Mwanga hubaki na maneno, na mengi si ya kweli.

Dhana: "Kumpa uhuru ni kumwacha ajitegemee."

Ukweli: Hapa ndipo wengi hukosea. Kufanya jambo peke yako na kulifanya kwa hiari yako ni vitu viwili, na wanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wamevitenganisha. Binti anayelipiwa chumba na baba yake anaweza kuwa huru, maana kozi aliichagua mwenyewe na sababu anaijua. Mwenzake anajilipia kila kitu kwa boom, yaani fedha za mkopo wa wanachuo, lakini anasoma ualimu akinuna kwa kuwa mjomba ndiye aliyeamua. Mwaka 2007, Bart Soenens na wenzake waliwapima vijana wa Ubelgiji. Walioona wazazi wanawasaidia kuamua kwa hiari walikuwa na hali bora ya nafsi. Kusukumwa tu kujitegemea hakukuonyesha faida hiyo.

Kwa hiyo mzazi anayesema "umeshakuwa mkubwa, jitegemee" kisha akakata simu hajampa mtoto uhuru wowote. Amemtelekeza.

Dhana: "Hayo ni mambo ya Wazungu."

Ukweli: Valery Chirkov na wenzake, katika utafiti wa 2003, waliwauliza wanafunzi wa Korea Kusini, Urusi, Uturuki na Marekani. Kote huko, anayeishi kwa hiari yake alikuwa na nafuu zaidi moyoni. Afrika haikuwemo, lakini Korea nako wazee huheshimiwa sana. Kumtii baba kwa kuridhika nako ni hiari.

Dhana: "Kumpigia simu kila siku ni kumbana."

Ukweli: Inategemea unampigia kwa lipi. "Umekula?" haimbani mtu.

Dhana: "Nikimwamulia, namwondolea mawazo."

Ukweli: Utafiti wa Holly Schiffrin na wenzake, Marekani, 2014, ulikuta wanachuo wenye wazazi wa kuingilia kila kitu wakiwa na dalili zaidi za sonona. Huenda pia mtoto mwenye shida ndiye anayemfanya mzazi aingilie. Tafiti za namna hii hazimalizi ubishi huo. Ila akikwambia, "Mama, nataka kubadili kozi," muulize kwanza kwa nini, mkopo utakuwaje, na amezungumza na nani chuoni. Umjibu baada ya kumsikiliza.