Maabara za magonjwa ya kuambukiza wakati wa majanga ya asili: dhana potofu na ukweli

Kimbunga kinapokaribia mji wenye maabara ya vimelea hatari, au ardhi inapotetemeka karibu nayo, uvumi hutangulia taarifa. Hofu ya watu si ya kipuuzi, kwa kuwa ndani ya maabara hizo kweli mna virusi na bakteria wanaoua. Hata hivyo, macho ya wengi hukazwa kwenye kuta, ilhali matukio yaliyochunguzwa kwa kina yanaonyesha kuwa udhaifu umekuwa kwenye mabomba ya majitaka, kwenye umeme wa akiba na kwenye matengenezo yaliyoahirishwa.

Dhana: Jengo likibomoka, virusi vitasambaa hewani na kuambukiza mji mzima

Sehemu kubwa ya vimelea vya maabara haipo katika hali ya kuruka hewani. Huhifadhiwa ndani ya vichupa vilivyofungwa, kwenye majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri au katika naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Virusi haviwezi kuzaliana nje ya seli hai, na sampuli iliyoyeyuka na kukaa kwenye joto la kawaida kwa kawaida hupungua nguvu kadiri muda unavyopita. Wanaokabiliwa na hatari ya kwanza ni wafanyakazi waliomo ndani na waokoaji wanaoingia bila kujua kilichomo, si mtu aliye mbali na jengo.

Zipo hali zinazohitaji tahadhari zaidi. Mbegu za bakteria wa kimeta hudumu ardhini kwa miongo kadhaa, bakteria wa kifua kikuu waliooteshwa kwa wingi wanaweza kuvutwa na pumzi chupa ikivunjika, na wanyama wa utafiti walioambukizwa wanaweza kukimbia vizimba vikiharibika. Ndiyo maana maabara inayopata onyo la kimbunga mapema husimamisha majaribio, hurudisha akiba muhimu kwenye majokofu yaliyofungwa, na huteketeza vimelea vilivyooteshwa kwa mvuke wa mgandamizo, kwa kawaida katika joto la nyuzi 121.

Mnamo Septemba 2008 Kimbunga Ike kilikipiga kisiwa cha Galveston, Texas, na maji ya bahari yakaingia katika ghorofa za chini za majengo mengi ya chuo cha tiba kilichopo hapo. Chuo hicho kilikuwa na maabara ya ngazi ya nne, ambayo ndiyo ngazi ya juu kabisa ya usalama wa kibaolojia. Kazi ndani yake ilikuwa imesimamishwa kabla ya dhoruba kufika, na hakuna kimelea kilichoripotiwa kutoroka. Maabara mpya ya kitaifa, iliyokuwa inakaribia kukamilika kando yake, haikupata madhara makubwa na ilizinduliwa Novemba mwaka huohuo.

Dhana: Kuta imara na milango mizito inatosha kuzuia vimelea

Mtu anayetaka kuelewa jinsi hali ya hewa inavyoweza kushiriki katika uvujaji wa kimelea na aangalie kilichotokea Pirbright, kusini mwa Uingereza, mwaka 2007. Tarehe 3 Agosti ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa kwa ng'ombe wa shamba moja katika mkoa wa Surrey. Aina ya virusi iliyopatikana haikuwa ikizunguka miongoni mwa mifugo popote duniani wakati huo. Ilikuwa aina ya maabara iliyotokana na mlipuko wa ugonjwa huo wa mwaka 1967. Eneo la Pirbright, lililo kilomita chache kutoka shambani, lilikuwa na taasisi ya utafiti na kiwanda cha chanjo, na vyote viwili vilifanya kazi na virusi hivyo.

Wachunguzi hawakukuta ukuta uliobomoka wala mlango uliovunjwa. Walichokiona kuwa maelezo yanayoelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba majitaka yenye virusi hai yalivuja kutoka kwenye mabomba makuukuu ya chini ya ardhi, yenye nyufa na viungio vilivyolegea, ambayo mizizi ya miti ilikuwa imepenya baadhi yake. Mvua kubwa za Julai mwaka huo, zilizoleta mafuriko katika sehemu nyingi za Uingereza, huenda ziliongeza maji ndani ya mabomba na kuyafurisha. Wakati huohuo ujenzi ulikuwa ukiendelea katika eneo hilo, na malori yaliyotoka na udongo yalipita barabara iliyo karibu na shamba la kwanza kuathirika. Ugonjwa huu hauna hatari kubwa kwa binadamu, lakini mifugo mingi ilichinjwa.

Jambo linalonisikitisha zaidi katika kisa hicho ni kwamba ubovu wa mabomba ulikuwa ukijulikana kwa miaka kadhaa, na ukarabati ulikuwa umecheleweshwa na mvutano kuhusu nani agharamie. Mvua haikuunda udhaifu huo. Ilikuta mahali palipokwisha kuachwa wazi.

Dhana: Jenereta ikiwepo, umeme si tatizo

Jenereta ni sehemu moja tu ya mnyororo unaoanzia kwenye tangi la mafuta na kuishia kwenye swichi inayohamisha umeme. Katika hospitali ya Bellevue jijini New York, wakati wa Kimbunga Sandy mwaka 2012, jenereta zilikuwa juu kwenye ghorofa ya 13, salama kabisa na maji, lakini pampu za mafuta zilikuwa chini na zikazama. Watu walilazimika kupanga foleni kwenye ngazi na kupandisha mafuta kwa mikono. Mwaka 2007, mjini Atlanta, radi ilikata umeme katika jengo jipya la maabara la Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, na umeme wa akiba haukuwaka kwa muda wa saa moja hivi. Ilibainika baadaye kuwa waya wa kinga dhidi ya radi uliofukiwa ardhini ulikuwa umekatwa na mafundi wa ujenzi wa jirani. Kwa bahati njema, vimelea hatari vilikuwa bado havijaingizwa katika jengo hilo.

Maabara ya kiwango cha juu huweka mgandamizo wa hewa wa ndani kuwa mdogo kuliko wa nje, ili hewa iingie na isitoke ovyo, na hewa inayotolewa hupitishwa kwenye vichujio vinavyonasa angalau asilimia 99.97 ya chembe ndogo. Feni zikizimika, tofauti hiyo ya mgandamizo hupotea, na kabati la usalama la kufanyia kazi haliwezi tena kumlinda aliyekaa mbele yake. Ni lazima afunike vyombo, asimamishe kazi na kutoka kwa utaratibu. Hata hivyo, kupotea kwa mgandamizo si sawa na vimelea kutoroka, kwa sababu vichujio na milango bado vipo, na vichupa vilivyofungwa havihitaji umeme ili vibaki vimefungwa.

Dhana: Hatari ni ya maabara kubwa za utafiti pekee

Maabara za ngazi ya nne ni chache duniani na hukaguliwa mara kwa mara. Maabara za kawaida za hospitali ni nyingi mno, na ndani yake mna makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, kinyesi chenye kipindupindu na damu yenye homa ya ini. Tetemeko halitoi onyo kama kimbunga, hivyo maandalizi yake ni yale yanayokuwapo kila siku: makabati yaliyofungwa ukutani, rafu zenye ukingo, mitungi ya gesi iliyofungwa kwa minyororo, vyombo vya plastiki badala ya kioo, na orodha ya vimelea yenye nakala nje ya jengo. Ni vitu vya gharama ndogo, na kwa maoni yangu ndivyo vinavyostahili kuulizwa kwanza.

Dhana: Mlipuko wa ugonjwa baada ya janga ni ishara kwamba maabara imevuja

Maji machafu, vyoo vilivyoharibika na msongamano kambini ndivyo visababishi vya kawaida. Kipindupindu kilichozuka Haiti mnamo Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko, hakikutoka maabara. Ushahidi ulielekeza kwenye majitaka ya kambi ya walinda amani yaliyoingia katika mto. Maabara ya taifa ya afya ya umma jijini Port-au-Prince ndiyo iliyowatambua bakteria hao. Maabara inayozimwa na janga huliacha taifa bila macho katika kipindi ambacho magonjwa hupata nafasi.

Dhana: Maji yakishakauka, kazi inaweza kuendelea

Sampuli zilizoyeyuka huhesabiwa kuwa hai hadi zitakapoteketezwa, kilichomwagika hufunikwa na kuloweshwa dawa ya klorini kabla ya kuzolewa, na mifumo ya hewa hupimwa upya kabla mtu yeyote hajafungua chupa. Huko Fort Detrick, Maryland, mafuriko ya Mei 2018 yaliharibu mtambo wa zamani uliosafisha majitaka ya maabara ya jeshi la Marekani kwa mvuke, na maabara ikahamia kwenye mfumo wa kemikali. Ukaguzi ulikuta kasoro, na Julai 2019 kazi kwa vimelea hatari zaidi ikasimamishwa bila mtu yeyote kuripotiwa kuambukizwa. Ruhusa ya kurejea, tena kwa sehemu tu, ilitolewa Novemba 2019, mwaka mmoja na nusu baada ya mafuriko.