Brigedi ya askari wa miguu ni nini?

Brigedi ya askari wa miguu ni batalioni (vikosi vya mamia ya askari) kadhaa, mara nyingi tatu, zilizowekwa chini ya kamanda mmoja ili ziende vitani pamoja, zikisaidiwa na mizinga, wahandisi, waganga na magari. Katika jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, batalioni ilikuwa na askari wapatao 800, kwa hiyo brigedi ilikuwa na maelfu kadhaa ya watu. Kamanda wake ni brigedia. Kwa Waingereza huyo bado si jenerali, na Kenya imeshika desturi hiyo. Tanzania cheo ni Brigedia Jenerali.

Kinachowachanganya wengi ni tofauti ya brigedi na rejimenti. Rejimenti ndiyo nyumbani kwa askari: humo huandikishwa, na beji yake ndiyo anayovaa. Brigedi ni mpango wa kazi. Huundwa, hubadilishwa batalioni, huvunjwa. Ndiyo maana wazee wetu walijiita watu wa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), rejimenti ya kikoloni ya Waingereza Afrika Mashariki, na ni nadra kusikia aliyetaja namba ya brigedi yake.

Chukua Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki. Ilipata namba hiyo mwaka 1940. Mwaka uliofuata ilipigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia, kisha Septemba 1942 ikashushwa Majunga, Madagaska, dhidi ya Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Ujerumani. Batalioni zake zilikuwa tatu za Keya: moja ya Nyasaland (Malawi ya leo), moja ya Kenya, moja ya Tanganyika. Kazi ilikuwa kupanda barabara moja ndefu hadi Antananarivo. Wafaransa waliangusha miti, wakajenga kuta za mawe njiani, na kwenye mto Betsiboka wakaliharibu daraja hadi sehemu ya kati ikalala mtoni. Siku nyingi askari walihangaika zaidi kuondoa vizuizi kuliko kufyatua risasi. Mji mkuu waliuingia 23 Septemba, wakaendelea kusini mpaka mapigano yaliposimama mwanzoni mwa Novemba.

Mwaka 1945 Brigedi ya 22 ilikuwa Arakan, pwani ya Burma (Myanmar ya leo). Namba ni ileile, lakini ndani yake sasa walikuwamo askari wa Rhodesian African Rifles (wa Zimbabwe ya leo) na wa Northern Rhodesia Regiment (wa Zambia ya leo). Watanganyika wengi waliopigana Burma walikuwa katika brigedi nyingine, kama ya 25 na ya 26 za Divisheni ya 11 (divisheni ni kundi la brigedi kadhaa), zilizopita bonde la Kabaw katika mvua na malaria ya mwaka 1944.

Kwa hiyo ukikuta cheti cha babu kimeandikwa "1/6 KAR", soma hivi: batalioni ya kwanza ya Keya ya sita, ya Tanganyika. Kisha tafuta batalioni hiyo ilikuwa brigedi gani, mwaka gani. Hapo ndipo utajua alipigana wapi.