Shabu kwanza, rangi baadaye: kupaka sufu rangi za mimea na wadudu

Kabla ya kuchemsha chochote, choma uzi wako. Nyuzi nyingi zinazouzwa madukani kwa jina la sufu ni akriliki, na akriliki haishiki rangi ya mimea hata ukiichemsha kutwa. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo, kiwashe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalovunjika ukilifikicha. Akriliki huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi.

Sufu ikishathibitika, ioshe. Manyoya ya kondoo yana mafuta mazito ambayo huanza kuyeyuka karibu na sentigredi 40, kwa hiyo maji ya uvuguvugu hayatoshi. Tumia maji ya sentigredi 60 na sabuni ya maji ya vyombo, uitumbukize na kuiacha dakika 20 bila kuikoroga. Itoe maji yakiwa bado moto, kwani yakipoa humo mafuta huirudia sufu, na penye mafuta rangi haiingii. Mabaka mengi ninayoonyeshwa chanzo chake ni hapa, wala si kwenye rangi.

Uzi uliokwisha kusokotwa ufunge kitita, ukiufunga mahali pane kwa kamba ya pamba bila kukaza. Ukibana sana, kila fundo litaacha alama nyeupe.

Sasa shabu, ileile ya mabonge inayouzwa dukani. Kwa gramu 100 za uzi uliopimwa ukiwa mkavu, chukua gramu 15, itwange, uiyeyushe kwenye maji ya moto, kisha uongeze maji baridi hadi uzi uweze kuelea kwa nafasi. Uzi uingie ukiwa umelowa. Pandisha joto polepole kwa muda wa dakika 45 hadi sentigredi 80 hivi, lishikilie saa moja, uache vipoe pamoja. Aluminiamu iliyomo kwenye shabu hujishikiza kwenye sufu, halafu rangi hujishikiza kwenye aluminiamu. Bila daraja hilo rangi nyingi huondoka na maji ya suuza.

Usiache maji yatokote. Joto linaloruka ghafla pamoja na kukoroga hufanya sufu ishikane na kusinyaa, na ikishashikana hairudi. Walioko nyanda za juu wajue kwamba Nyahururu, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, maji hutokota yakifika kama sentigredi 92 tu. Huko povu huja mapema kuliko Mombasa, basi tazama kipimajoto, si mapovu.

Kwa maganda ya vitunguu, pima gramu 100 za maganda makavu kwa gramu 100 za uzi. Loweka usiku kucha, chemsha saa moja, chuja, kisha uzi uingie kwa joto lilelile la sentigredi 80 kwa saa nzima. Wengi hutegemea kwamba kitunguu chekundu kitatoa wekundu. Hakitoi. Juu ya shabu hutoa rangi ya zeituni au kahawia ya kijani, na ya kupendeza kwelikweli. Dhahabu yenye uchungwa hutoka kwenye maganda ya kitunguu cha njano. Manjano ya jikoni nayo hung'aa siku ya kwanza, lakini jua huila haraka; sweta ya kuanikwa nje siishauri.

Wekundu upo Laikipia, Kenya. Huko mpungate, yaani kaktasi ya miiba, umevamia malisho, na wadudu wa jamii ya kochinili, wenye rangi nyekundu mwilini, waliletwa kuudhoofisha. Kwenye jani utaona pamba nyeupe. Mbonyeze mdudu mmoja na kidole kitakuwa chekundu kama damu. Hawana rangi nyingi kama wale wanaofugwa Peru, kwa hiyo anza na gramu 30 za wadudu wakavu kwa gramu 100 za uzi uliotiwa shabu. Saga, chemsha, chuja kwa kitambaa kizito mara mbili, maana ile pamba yao ni nta na hung'ang'ania uzi.

Rangi hii husikia kila kitu. Maji ya limau huivuta kuelekea uchungwa, na chembe ya magadi huipeleka zambarau. Magadi yatie mwishoni na usuuze mara moja, kwa sababu hudhoofisha sufu. Maji ya kisima yenye chumvi hubadili rangi bila kukuuliza. Maji ya mvua ndiyo ya kutumaini. Sufuria ya chuma huifanya rangi iwe ya giza. Tumia ya stenlesi, na isirudi tena jikoni.

Wadudu wahakikishe wamekufa na kukauka kabla hujawasafirisha. Mahali ambapo watu wanategemea mpungate kwa matunda au chakula cha mifugo, wachache tu walio hai wanatosha kuumaliza.